Kupanda Mont Ventoux kwa baiskeli kupitia mashamba ya zabibu: uzi maalumu

#1 Mpare_wa_Lyon

Wakuu, heshima kwenu. Tangu Tour de France ya 2025 imalizie hatua moja juu ya Ventoux, naulizwa swali lile lile kila wiki: mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anaweza kuupanda ule mlima? Anaweza. Nafungua uzi nisijibu mmoja mmoja.

Mont Ventoux uko kusini mwa Ufaransa, wilaya ya Vaucluse, kaskazini mashariki mwa Avignon. Kilele kina mita 1,910 hivi, na hakuna mlima wa kimo hicho unaobanana nao. Umesimama peke yake juu ya bonde la mto Rhône, kwa hiyo unauona ukiwa bado mbali. Kichwa chake ni cheupe mwaka mzima: kipupwe ni theluji, kiangazi ni mawe ya chokaa matupu.

Barabara za lami za kufika juu ni tatu. Ya kutoka Bédoin ni kilomita 21.5, wastani wa mwinuko asilimia 7.5. Ya kutoka Malaucène ni kilomita 21, na wastani ni huo huo. Ya kutoka Sault ni kilomita 26 lakini mwinuko ni laini, asilimia 4 na nusu tu, kwa sababu Sault yenyewe iko juu tayari, mita mia saba na kitu.

Nizungumzie ya Bédoin, maana ndiyo kila mtu anaitaka na ndiyo inayowaaibisha watu.

Ukitoka kijijini unaingia kwenye mizabibu. Kushoto mizabibu, kulia mizabibu, hapa na pale micheri na mizeituni. Unapita vitongoji vya Sainte-Colombe na Les Bruns, barabara inapanda asilimia 4 au 5, asubuhi kuna ubaridi, miguu mizito haipo. Kila mtu anajiona bingwa. Kundi la Wabelgiji linakupita, na wewe unasema hapana, hawa hawaniachi. Hapo ndipo mlima unapokumaliza, ila taarifa utaipata baadaye.

Kama kilomita ya sita kuna kona ya kushoto inaitwa Saint-Estève. Mizabibu inaisha pale pale. Barabara inaingia msituni na inapanda asilimia 9, 10, mara zaidi, kwa zaidi ya kilomita tisa, na hakuna mahali pa kupumzisha miguu. Hakuna mandhari pia, ni miti tu na nzi. Unatoka msituni mahali panapoitwa Chalet Reynard, mita 1,417, ndipo unaanza kilomita sita za mawe meupe na upepo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kwenye mizabibu nenda kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukata pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wabelgiji waache waende, wengine utawakuta msituni wamesimama wanatafuta kitu mfukoni ambacho hakipo.

Maswali yaje.

#2 Kinondoni_Flati

Mpare kutoa kitu bure! Leo Dar itanyesha mawe 😂

Mkuu, mimi mlima wangu mkubwa ni daraja la Kigamboni. Hiyo ya Sault si ndiyo yetu sisi wenye vitambi?

#3 Mpare_wa_Lyon

Daraja la Kigamboni ukiwa na upepo wa uso si haba, usijidharau.

Sault ni njia halali kabisa, na ndiyo nzuri kwa macho. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai unaondoka kwenye mashamba ya lavenda. Lakini usidanganyike na wastani. Kilomita 20 za kwanza ni za kistaarabu, kisha unafika Chalet Reynard na kuungana na watu wa Bédoin. Zile kilomita sita za juu hazina njia ya wenye vitambi.

#4 Pedali_Kongwe

Kutoka Nairobi. Mpare umeandika vizuri, lakini umeandikaje Ventoux bila kumtaja kijana wetu?

Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985. Aliyemfungulia mlango wa mchezo huu ni David Kinjah, pale Mai-a-Ihii, Kikuyu, ambako vijana walikuwa wanakula, wanalala na kutengeneza baiskeli nyumbani kwake. Sasa tarehe 14 Julai 2013, sikukuu ya taifa ya Wafaransa, hatua ya Tour ya kilomita 242 ikiishia juu ya Ventoux, Froome akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza mbio alimwacha mpinzani wake Contador hajainuka hata kwenye siti, anazungusha miguu tu. Kisha akamwacha mpinzani mwingine, Quintana, karibu na kilele. Wakati huo alikuwa anashindana kwa bendera ya Uingereza, najua, msinianze. Lakini vilima vya Kikuyu vilikuwa kwenye miguu yake.

2016, tarehe ile ile ya 14 Julai, upepo ulikuwa mkali hadi wakahamisha mstari wa kumalizia kutoka kileleni wakauleta Chalet Reynard. Umati ukabanana, pikipiki ikakwama mbele ya Porte, Froome na Mollema, wakaivaa. Baiskeli ya Froome ikaharibika. Bwana akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, na viatu vya baiskeli! Waamuzi baadaye wakarekebisha muda, akabaki na jezi yake.

Na mkifika kama kilomita moja na nusu kabla ya kilele, upande wa kulia mtaona jiwe la kumbukumbu la Tom Simpson. Mwingereza huyu alianguka pale 13 Julai 1967, akafa akiwa na miaka 29. Siku ilikuwa ya joto kali, maji waliyoruhusiwa kupokea njiani yalikuwa machache, na uchunguzi ulimkuta na amfetamini na pombe mwilini. Waendesha baiskeli wanaacha chupa na kofia pale. Simama hata kama unafukuza muda.

#5 Mama_Nuru_Marseille

Mzee Pedali shikamoo. Mpare, habari za Lyon.

Mimi nitawaudhi. Ventoux ni mzuri kupigia picha, lakini kuuendesha ni kazi ya kibarua. Msituni huoni kitu, juu unaona magari yanatafuta maegesho, na mpiga picha anakupiga ukiwa umekunja uso halafu anakuchomekea kadi mfukoni ukanunue picha yako. Mtu ametoka Dar au Mombasa amelipa nauli yote ile, ampe Ventoux siku moja. Siku zilizobaki azimalizie kwenye Dentelles de Montmirail, upande wa magharibi.

Hapo ndipo penye mizabibu ya kweli. Mzunguko wangu ni huu: unatoka Malaucène kwa barabara ndogo ya D90, unapanda Col de la Chaîne, mita 472 tu, unashuka Suzette. Suzette ni nyumba chache juu ya kilima. Mbele yako yamesimama mawe membamba ya Dentelles, na chini yake mizabibu imepandwa kwa ngazi kama mashamba ya Uluguru. Kisha Beaumes-de-Venise, Vacqueyras, Gigondas, Sablet, Séguret, hadi Vaison-la-Romaine, na unarudi Malaucène. Kilomita hamsini na kitu. Milima yake mifupi, hakuna wa kukuua, lakini huendi tambarare dakika kumi mfululizo.

Vaison simama darajani. Lilijengwa na Warumi na bado magari yanapita. Septemba 1992 mto Ouvèze ulifurika ukaua makumi ya watu, maji yakapita juu ya daraja, na lenyewe likabaki.

#6 Mpare_wa_Lyon

Dada, kibarua kweli, lakini watu hawaulizi njia ya Suzette, wanauliza ya Ventoux. Hata hivyo mzunguko wako naupitisha, na ningemshauri mgeni aanze nao kabla ya mlima. Miguu inazoea, na anajifunza kuzishika breki kwenye kona nyembamba.

#7 Mama_Nuru_Marseille

Marahaba ya kukubali nusu nimeipokea.

#8 Pedali_Kongwe

Marahaba binti yangu. Hapo kwa Suzette umenishawishi. Ventoux yangu nitaitazama kwa televisheni.

#9 Zabibu_Dom

Jamani mimi baiskeli ninayo ya kwendea shambani tu, lakini neno zabibu limenivuta. Nipo Dodoma, tunalima huku Hombolo. Huko wanapanda aina gani? Na wanavuna mara ngapi? Sisi mara mbili kwa mwaka tukijaliwa.

#10 Mpare_wa_Lyon

Dada Zabibu karibu sana, swali zuri kuliko la gia.

Wao wanavuna mara moja. Kipupwe mzabibu unalala kabisa, unabaki kisiki. Mavuno ya zabibu za mvinyo ni Septemba, mara yanaanza mwisho wa Agosti. Aina kubwa ni Grenache na Syrah, kuna pia Carignan, Cinsault na Mourvèdre.

Ukipita taratibu kwa baiskeli utaona kitu ambacho mwenye gari hakioni. Grenache za zamani hazina waya. Zimekatwa fupi, kila mmoja umesimama peke yake kama kichaka, unafika kiunoni. Ni kwa sababu ya upepo wa mistral unaoshuka bonde la Rhône kutoka kaskazini: kichaka kifupi kigumu hakivunjiki. Jirani yake Syrah imefungwa kwenye waya, maana matawi yake ni marefu na laini, mistral ingeyang'oa. Na kaskazini mwa mashamba mengi kuna ukuta wa misipresi mirefu imebanana, kazi yake ni kukinga upepo. Mwendesha baiskeli anaupenda ule ukuta kuliko mwenye shamba. Unapita nyuma yake unapumua, ukuta unaisha, unapigwa kofi.

Vilevile kuna zabibu nyeusi za kula, Muscat du Ventoux, zinakatwa kuanzia mwisho wa Agosti. Ndizo chakula changu cha njiani msimu huo.

#11 Zabibu_Dom

Basi nileteeni vipando viwili vitatu vya hiyo Muscat 🙏

#12 Mama_Nuru_Marseille

Dada, huo mzigo sibebi! Kwanza ni marufuku kupitisha vipando bila vibali vya afya ya mimea. Pili, eneo lenyewe limeshaonja. Miaka ya 1860 mtu wa Roquemaure, ng'ambo tu ya Rhône karibu na Avignon, alipanda mizabibu iliyotoka Marekani, ikaja na mdudu wa filoksera anayekula mizizi. Sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa ikaangamia. Walikuja kuokoka kwa kuunganisha vikonyo vya kwao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomvumilia mdudu. Hadi leo mzabibu unaoupita Gigondas kwa kawaida una miguu ya Marekani.

Nitakuletea picha.

#13 Fundi_Cheni_A-Town

Wakuu mmeongea historia, zabibu na mafuriko, baiskeli hamna. Niingie.

Wengi hapa Arusha wana baiskeli za mbio za mtumba, mbele gia ndogo ya meno 39, nyuma kubwa ya meno 25. Ngoja nipige hesabu. Ukikanyaga mzunguko mmoja wa pedali kwa 39 na 25, baiskeli inasogea kama mita 3.3. Ili miguu izunguke mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni polepole, lazima uende karibu kilomita 12 kwa saa. Kilomita 12 kwa saa kwenye asilimia 9 kwa kilomita tisa, hiyo ni kazi ya mtu aliyekonda na anayefanya mazoezi kweli kweli. Ukifunga 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 2.1, mara 60 ni kilomita 7 na nusu kwa saa. Hapo binadamu anapanda.

Kwa hiyo kabla ya kununua miwani ya bei, badilisha gia. Angalia pia derela ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni, kama mkono wake una urefu wa kubeba gia ya meno 34, maana mifupi inagoma, cheni inakwaruza au inakatika. Cheni ikatwe urefu upya, usirudishe ile ya zamani.

Kushuka: kama una rimu za kaboni na breki za raba, usiburuze breki mlima mzima. Rimu inapata moto, tyubu inapasuka. Shika kwa nguvu kabla ya kona, achia, shika, achia. Breki za diski ni salama zaidi lakini nazo ukiburuza zinanuka. Tairi milimita 28, upepo usijaze hadi iwe jiwe.

#14 Kinondoni_Flati

Fundi umeniokoa, mimi ni 39 na 23 🤦🏾 Ndiyo maana hata Pugu inanitoa jasho la damu.

Kukodi je? Au nibebe yangu?

#15 Mpare_wa_Lyon

Kodi. Bédoin, Malaucène na Vaison kuna maduka ya kukodisha na baiskeli zao zina gia za mlima tayari. Weka oda mapema, Juni hadi Septemba zinaisha. Beba pedali zako, viatu vyako, na siti yako kama makalio yamechagua. (Mpare anakwambia kodi, ujue ameshapiga hesabu ya mzigo wa ndege.)

Ukibeba yako: treni ya kasi, TGV, kutoka Paris Gare de Lyon hadi Avignon ni kama saa 2 na dakika 40, lakini baiskeli iwe imefunguliwa ndani ya mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90, vinginevyo utabishana na kondakta. Avignon kuna treni ndogo ya kwenda Carpentras, na kutoka hapo unakanyaga hadi Bédoin kilomita kumi na tano hivi, katikati ya mizabibu.

#16 Umurage_Kigali

Habari wandugu. Niwaulize walioona vyote viwili: sisi Kigali tulipokea mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza Afrika, na bingwa Pogačar aliwaacha wenzake kwenye mlima wetu, Mont Kigali. Huo ni kilomita karibu 6, asilimia karibu 7. Mtu anayeupanda kila Jumapili yuko tayari kwa Ventoux?

#17 Mpare_wa_Lyon

Nusu tayari. Nguvu unayo. Unachokosa ni muda. Mont Kigali kwa mtu wa kawaida ni nusu saa, Ventoux ni saa mbili, kwa wengine mbili na nusu, na hakuna mteremko katikati. Upande Mont Kigali mara tatu mfululizo, ile ya tatu uende kwa mwendo wa ya kwanza. Ukiweza hivyo, njoo.

Faida mliyo nayo ni kimo. Kigali yenyewe iko juu ya mita 1,500, kwa hiyo hewa ya kilele haitawashtua. Watu wa pwani wataisikia kidogo juu ya Chalet Reynard.

#18 Mama_Nuru_Marseille

Waambie pia kuhusu nguo. Watu wanaondoka Bédoin Julai nyuzi 30 wamevaa kijezi, juu wanakuta nyuzi kumi au kumi na tano chini ya hapo, na upepo. Kupanda unatokwa jasho hadi kwenye soksi, kisha unashuka umelowa. Koti jembamba la upepo linakunjwa linaingia mfuko wa nyuma. Vidole vikifa ganzi breki huzishiki.

Maji: jaza chupa mbili Bédoin. Msituni usitegemee bomba. Chalet Reynard kuna mgahawa. Ukishukia Malaucène, chemchemi ya Groseau iko kando ya barabara karibu na mji, maji yake ya baridi hasa.

Kwa sisi tusiotumia mvinyo, msiogope kuwa mtakosa la kufanya. Juni kuna cheri, kilo nzima unauziwa mlangoni kwa mkulima. Vijijini kuna siku za soko, jibini ya mbuzi, mkate, tende mkija nazo. Na maduka ya mvinyo mengi yanauza pia juisi ya zabibu, uliza tu.

#19 Kinondoni_Flati

Nimewaelewa. Swali la mwisho: nikishashuka Malaucène baiskeli ya kukodi nairudisha Bédoin vipi? Daladala?

#20 Mpare_wa_Lyon

Hakuna daladala, ndugu yangu. Hapo katikati kuna Col de la Madeleine, mita 448. Si ile ya Alps, hii ni ndogo, kilomita kumi na mbili hadi Bédoin jumla, mizabibu na mizeituni. Siku nyingine ungeuita mwinuko wa baraza. Baada ya Ventoux utautukana. Weka ndizi moja ya akiba kwa ajili yake.

Asiyetaka, ashuke njia ile ile aliyopandia. Ila kushuka msitu wa Saint-Estève Jumamosi, na wanaopanda wakiyumba kulia kushoto, kunataka macho manne.

#21 Umurage_Kigali

Na mwezi gani?

#22 Mpare_wa_Lyon

Barabara ya juu inafungwa kwa theluji, kwa kawaida kuanzia katikati ya Novemba hadi Aprili hivi. Julai na Agosti ni joto na magari. Mimi nachagua katikati ya Septemba. Joto limeshuka, mavuno yanaendelea, trekta zinavuta matela yamejaa zabibu na barabara inanuka tamu. Angalia tu matone ya juisi kwenye kona za vijijini, yanateleza, na nyigu nao wapo.

Kuhusu mistral: usiku kabla ya kupanda angalia utabiri wa upepo wa kileleni, si wa Bédoin. Ukiona kilomita 60 kwa saa, ahirisha, siku hiyo fanya mzunguko wa Mama Nuru. Kabla tu ya kilele kuna mahali panaitwa Col des Tempêtes, na watu wameangushwa pale wakiwa wameketi kwenye baiskeli.

#23 Mama_Nuru_Marseille

Kumbe mzunguko wangu ni wa siku za upepo. Haya, tutaonana Suzette.